Mguu wa Panzi Uliobandikwa Tumboni

Mtunza maabara wa shule aliyofundisha marehemu mume wangu aliitwa Pini, kwa zile pini alizotungia wadudu ndani ya makasha ya vioo. Hakusoma mbali, lakini panzi mkavu mikononi mwake hakuvunjika hata kipapasio. Wanafunzi walimpenda kwa maneno yake.

"Msimtafutie panzi pua, wajukuu zangu. Anapumua kwa vitundu vya ubavuni. Mzamishe kichwa majini, atakucheka!"

Siku moja kabla ya mtihani wa vitendo, mume wangu alileta nyumbani panzi mkubwa ambaye darasa zima lingemchora. Alitaka kumkagua. Alikuwa ameanza kuugua, mikono ikimtetemeka, na mguu mmoja ukakatika. Akaubandika tumboni kwa gundi ya viatu. Miguu yote sita ya mdudu huota kifuani. Hata mimi niliyesomea historia nalijua hilo. Nikaona, nikanyamaza. Hakupenda kusahihishwa.

Darasa likachora lilichokiona, likapoteza alama. Lawama ikamwangukia Pini. Mume wangu akafariki wiki ileile, kabla Pini hajahojiwa.

Mkuu wa shule alipokuja kunipa pole, aliuliza taratibu, "Mama, yule panzi aliwahi kufika hapa?"

"Mume wangu hakuwa mtu wa kubeba kazi nyumbani," nikamjibu.

Pini akanyang'anywa funguo za maabara, akapewa ufagio wa uwanja. Kwa miaka miwili nilipopita langoni pa shule nilijifanya natazama saa.

Mwezi uliopita nilisikia anastaafu, na barua yake ya utumishi itataja uzembe. Nikamfuata kwake. Alikuwa akikaza miguu ya kiti.

"Karibu, shemeji. Kalia kile kingine, hiki bado kilevi."

"Nimekuja kwa ajili ya yule panzi."

"Gundi ya viatu," alisema bila kuinua macho. "Niliinusa siku ileile."

"Na ukanyamaza?"

"Maiti angejiteteaje? Nilikungoja wewe uliye hai."

Kesho yake nilimweleza mkuu wa shule kila kitu, Pini akiwa amesimama kando yangu. Neno uzembe likafutwa. Wanangu wamenuna, wanasema nimemvua baba yao nguo hadharani. Pini alishukuru kwa mikono miwili, nami nikashindwa kumtazama. Barua mpya inasema alitumikia vyema maabara, tena kwa miaka yote. Ile miwili ya ufagio haikutajwa popote.