Neno "Take" Mahakamani Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini, askari mstaafu kutoka Adumi alinyanyua kiti cha mahakama na kusimama nacho mbele ya hakimu. Mimi ndiye niliyemwambia. Hakimu Mkuu wa Arua alikuwa amemwambia kwa Kiingereza "take a seat", yaani aketi, na mzee mwenyewe alikuwa ameomba kutoa ushahidi kwa Kiswahili. Nikatafsiri neno kwa neno: "Mzee, chukua kiti." Akakichukua.

Watu walicheka, hata polisi wa mlangoni. Hakimu Mkuu hakucheka. Wakati wa mapumziko aliniita ofisini kwake, akanimiminia chai.

"Binti, mtu akinywa hii, Kiingereza kinasemaje?"

"Take tea, Mheshimiwa."

"Akimeza dawa?"

"Take."

"Akipiga picha? Akifanya mtihani? Akipanda boda?"

"Zote take."

"Na wewe asubuhi unachukua chai?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ninakunywa."

"Basi usitafsiri mdomo wangu. Tafsiri ninachotaka kitendeke."

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo mna mafunzo na vyeti. Sisi tuliokotwa kwa sababu ya ndimi zetu. Baba yangu alikuwa Mlugbara wa Aroi, mama Mkakwa wa Koboko, na Kiswahili nilikipata kambini, kwa kuwa baba alikuwa jeshini. Kazi yenyewe ni ukalimani, yaani kutafsiri kwa mdomo papo hapo, watu wote wakikutazama. Mwandishi hufuta akaandika upya. Mkalimani akishatamka, karani wa mahakama ameandika, na mtu anaweza kulala gerezani kwa neno lako.

Baada ya miaka kadhaa Arua nilihamishiwa Koboko, chini ya Hakimu wa Daraja la Kwanza, mama mmoja aliyetaka kesi ziende mbio. Hakupenda kukatizwa. Mwendesha mashtaka alinionya mapema, "Huyu ukimsimamisha, jiandae." Nikajifunza kusema upesi na kwa ufupi, na tulielewana vizuri mpaka siku alipoletwa Nyanya Hawa.

Nyanya Hawa alikuwa mkulima wa Lobule. Binti yake alifariki akaacha mtoto mdogo, na baba wa mtoto, mfanyabiashara wa mpakani, alimlea mjini Koboko na mke mwingine. Siku moja alirudi kutoka upande wa Kongo akakuta mtoto hayupo. Mkewe alikuwa ameshinda sokoni, hajui kitu. Majirani wakasema nyanya alionekana akiondoka naye kwa baiskeli. Polisi walimkamata Arua, hawakuuliza alifuata nini huko, wakamshtaki kwa kumwiba mtoto.

Sasa, hatua ya kwanza ya kesi ni kumsomea mtu shtaka, naye akiri au akane. Akikiri, hakuna haja ya mashahidi. Kinachobaki ni adhabu. Shtaka lilisomwa kwa Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na neno lilelile: "took". Hakimu akanitazama nitafsiri.

Nilimtazama Nyanya Hawa kizimbani. Alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili. Nilijua nikimuuliza kama "alimchukua" mtoto, atasema ndiyo. Kwetu kuchukua ni kubeba pia. Ndiyo maana mbeba mizigo anaitwa mchukuzi. Polisi walikuwa wamemuuliza hivyohivyo, akawajibu ndiyo kwa moyo mweupe. Nikisema "aliiba", nimemhukumu mimi. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba kuuliza jambo kabla sijatafsiri."

"Uliza nini? Soma shtaka."

"Hilo neno lina maana nyingi, Mheshimiwa. Naomba kujua sheria inataka ipi."

Mwendesha mashtaka akashusha pumzi kwa sauti. Hakimu aliweka kalamu chini. Nilidhani ananifukuza. Alifungua kitabu cha sheria, akasoma kimyakimya, kisha akaniambia polepole, "Maana yake alimwondoa mtoto kwa mzazi, akikusudia mzazi asimpate tena. Mwambie hivyo."

Nikamgeukia. "Nyanya, wanasema ulimwondoa mtoto kwa baba yake ili baba asimwone tena. Ni kweli?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Hapana, binti yangu. Mutoto ilikuwa na moto mwili yote. Baba iko Kongo, mke yake iko soko. Mimi nabeba yeye kwa baiskeli, napeleka hospitali ya Arua, hapa Koboko dawa iliisha. Nilikuwa natafuta mutu ya kuambia baba. Mimi iko na simu wapi?"

Nilitafsiri kila neno. Karani akaandika kwamba amekana, na kesi ikasikilizwa. Muuguzi wa Arua alikuja akaeleza kwamba mtoto alifikishwa na malaria kali, na kwamba angechelewa kidogo asingepona. Baba wa mtoto alisikiliza yote ameinamisha kichwa. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisimama akamgeukia mkwewe.

"Mama, mimi nilisikia tu unachukua mutoto. Hakuna mutu aliniambia ni homa. Samahani."

Hakimu alimwachia huru Nyanya Hawa palepale. Wanawake wa Lobule walipiga vigelegele ndani ya mahakama, na hakimu, asiyependa kelele, aliwaacha wamalize. Kisha akanitazama. "Mkalimani, kuanzia leo ukisimama, sote tunasimama."

Hayo ndiyo niliyofanyia kazi miaka yote iliyofuata. Nilirudishwa Arua nikiwa mkalimani mkuu, nikafundisha wenzangu wa Kilugbara, Kikakwa na Kilingala. Nilipostaafu nilipewa mbuzi na maneno matamu, na mbuzi nilimpenda zaidi.

Siku hizi nalima karanga Aroi. Juzi nilipita mahakamani Arua, nikaketi benchi la nyuma. Mkalimani alikuwa msichana mdogo ambaye hatujuani naye. Wakili kutoka Kampala alisema jambo haraka, na yule msichana akainua mkono kuuliza anamaanisha nini. Wakili akalalamika kwamba anapotezewa muda.

"Wakili," hakimu akamwambia, "hapa kwetu mkalimani akiuliza, anajibiwa."

Wakili akajibu. Mimi nikainuka taratibu, nikaenda kupalilia karanga zangu.