Naenda Kushona

Juzi nilimpeleka mwanangu sokoni Nizwa kumnunulia kofia ya Idi. Muuzaji alimpima kichwa, akamwonyesha picha za nakshi kwenye simu, wakakubaliana rangi ya samawati. Nyuma yake mashine ikaanza kutetemeka, sindano zake zote zikipanda na kushuka kwa pamoja. Tukaenda kunywa chai ya maziwa, tukazunguka kidogo kwenye maduka ya tende, na tuliporudi kofia ilikuwa tayari. Mwanangu akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha simu, akaridhika. Mimi nikamvua nikaiweka puani. Ilikuwa na harufu ya kitambaa kipya cha bafta, na harufu hiyo, usiniulize kwa nini, ilinitia usingizi pale pale niliposimama. Mwanangu akaona haya mbele ya watu, akanivuta mkono tuondoke.

Usingizi ule naujua. Ni wa alasiri za Ibra, katika nyumba ya Bibi, mama yake baba, nilipokuwa mdogo wa kuweza kulala popote. Nyumba ilikuwa na ua mpana wa mchanga, na nyuma ya ukuta ulipita mfereji wa falaj ukienda mashambani kwenye mitende. Watu wakishaswali alasiri, Bibi alinyunyiza maji uani ili vumbi litulie, akatandika mikeka kwenye kivuli, akaweka birika la chai ya tangawizi juu ya jiko la makaa. Halafu mlango wa nje ukaanza kulia, mmoja baada ya mmoja, shikamoo na marahaba, na mabuibui yakatundikwa msumarini.

Walikuwa wanawake wa Unguja na Pemba kama yeye, waliokuja Oman wakiwa watu wazima na watoto wao mikononi. Kiarabu chao kilikuwa cha kusalimiana na cha dukani. Majumbani mwao waume walikuwa kazini, watoto wanarudi skuli na Kiarabu cha kukimbia, na wao wakabaki wakitikisa kichwa na kutabasamu. Basi saa ile ya ua wa Bibi ndiyo iliyokuwa saa yao ya kusema. Bibi mwenyewe hakuficha hilo. "Asubuhi nzima nimenyamaza, sasa nipisheni," alikuwa akisema, akijimiminia chai.

Kila mmoja alikuja na kifurushi chake cha kitambaa kilichofungwa fundo, ndani mna kofia aliyoianza. Kifurushi kile kilikuwa na kazi kubwa kuliko unavyodhania. Mwanamke akikutwa njiani na baba mkwe akaulizwa wapi, alikinyanyua kidogo tu akasema, naenda kushona. Hapo pakaisha maneno. Kofia ilikuwa ya mume, au ya mtoto wa kiume, au ya shemeji anayeoa, na nani atamzuia mke asimshonee mumewe kofia ya Idi? Mmoja alikuwa akiletwa kwa gari kutoka Mudhaibi kila Alkhamisi, na mumewe alimsubiri nje bila kulalamika, kwa kuwa kofia yake ndiyo iliyokuwa inashonwa. Alisubiri mwaka mzima kofia moja, maskini.

Maana kofia ya viua haishoniki kwa pupa. Unachukua bafta mara mbili, unachora nakshi kwa penseli, kisha unatoboa vitundu kwa sindano nene na kukizungushia uzi kila kitundu mpaka kikae duara safi. Vitundu hivyo ndivyo viua, na kofia nzuri inavyo mamia. Mimi nilipewa vipande vilivyoharibika nijifunzie. Bibi alikuwa akikinyanyua kipande changu kwenye mwanga, akichungulia kwa jicho moja, na kuniuliza, "Hili tundu la nani, la panya?" Wanawake wote wakacheka, nami nikafumua nikaanza tena. Kofia ikimalizika ilifuliwa, ikatiwa kanji, ule uji mwepesi wa wanga, ikaanikwa juu ya bakuli lililofudikizwa ili ikauke na umbo la kichwa. Siku za kukaribia Idi ua mzima ulijaa mabakuli yenye kofia, na kuku walipigwa marufuku kutoka bandani.

Nikichoka nililaza kichwa kwenye paja la yeyote aliyekuwa karibu. Hapo ndipo palipokuwa patamu. Macho nimefumba, juu yangu uzi unapita kwenye kitambaa, ssst, ssst, harufu ya bafta imenijaa pua, na wao wanazungumza bila kutazamana, macho yao yote yapo kwenye vitundu. Walikuwa wakienda Unguja. Walipita uchochoro kwa uchochoro, wakakata kulia kwa muoka mikate, wakabishana kama nyumba ya yule mama wa visheti ilikuwa na ngazi mbele au pembeni. Mimi sikuwahi kuiona Unguja, na kwa muda mrefu niliamini ni chumba cha nyumba yetu ambacho sijaonyeshwa mlango wake. Niliwahi kukitafuta nyuma ya ghala la tende. Kiswahili changu chote nilikiokota pale mapajani, hakuna aliyekaa akanifundisha.

Kisha jirani yetu, mmoja wa wale wale wanawake, akaja siku moja na habari kwamba mumewe amefungua duka na ameleta mashine ya kushonea kofia. Aliisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa nyumbani kwake. Bibi akataka kuiona. Tukaenda sote, kundi la mabuibui na mimi mbele, tukasimama tukiitazama inavyojishonea yenyewe. Bibi aliichukua kofia iliyotoka, akaigeuza ndani nje, akaitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Kazi safi," akasema. "Sina neno nayo." Njiani kurudi alitutangulia sote.

Waume walizipenda kofia za dukani. Zilikuwa nyepesi, za rangi rangi, na hazikusubiriwa mwaka. Kwa hiyo vifurushi vikaanza kupungua. Hakuna mwanamke aliyekatazwa kuja. Hilo ndilo lililomuudhi Bibi zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Ila mtu akiulizwa njiani wapi, sasa angenyanyua nini? Kutoka mikono mitupu kila alasiri ni kuzurura, na mke wa watu hazururi. Yule wa Mudhaibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukatika, kwani mumewe aliuliza, kwa heshima kabisa, anakwenda Ibra kufanya nini.

Waliothubutu kuja bila kifurushi waliona ajabu nyingine. Mazungumzo hayakuja. Walikaa wakitazamana, mikono imelala mapajani haijui iende wapi, na jambo ambalo zamani lingesemwa kwa mzaha huku mtu anakata uzi kwa meno, sasa lilikuwa zito kulisema usoni pa mtu. Wakanywa chai, wakasifu chai, wakaondoka mapema. Mimi nilibaki nimelala mkekani na sikupata usingizi.

Bibi hakuwa mtu wa kukaa akalia. Alivaa buibui lake akaenda dukani kwa mume wa jirani, nami nikafuatana naye.

"Mwanangu, mashine yako ishone itakavyo," akamwambia. "Maua yashone, mistari ishone. Vitundu tuachie sisi."

"Lakini mama, mashine itaweza na vitundu."

"Itaweza. Mimi nakuomba isiweze sasa hivi."

Yule bwana alicheka, kisha akaona Bibi hacheki. Alikuwa mtu mwema, naye mama yake mwenyewe alikuwa wa Unguja. Akakubali. Basi zikaanza kuja kwetu kofia zilizoshonwa nusu, maua tayari, viua bado, na mlango wa nje ukalia tena. Wanawake walizipeleka nyumbani, wakazirudisha alasiri katika vifurushi, naenda kushona. Nilifurahi mno. Uchochoro kwa uchochoro, wakaanza upya, na ule ubishi wa ngazi haukuwa umekwisha.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza skuli, duka likaleta mashine nyingine ambayo haikuacha kitundu. Yule bwana alikuja mwenyewe kumwambia Bibi, akasimama mlangoni akizungusha funguo za gari, na Bibi akamkaribisha kahawa na tende, akamwambia khalas, basi yameisha, Mungu amzidishie. Baada ya hapo alikuja jirani peke yake. Aliendelea kubeba kifurushi kila siku, fundo limekazwa vizuri. Siku moja kilifunguka akiinuka, na ndani mlikuwa na taulo la kuogea. Bibi alilikunja upya, akalifunga fundo, akampa. Mwaka uliofuata jirani alihamia Maskati kwa mwanawe.

Ndugu zangu waliozaliwa nyuma yangu hawakulala kwenye mapaja yale, na Kiswahili hawanacho. Wanampenda Bibi, wanambusu kichwani, wanamwuliza hali kwa Kiarabu, naye anajibu kile kile cha kusalimiana, alhamdulillah, basi. Nimesema "wanampenda" kana kwamba yupo. Mimi niliajiriwa Nizwa nikaolewa huko, nikawa nakwenda Ibra mwisho wa wiki, na kila nilipofika alinishika mkono akazungumza bila kupumua mpaka adhana. Nilikuwa nachoka. Naona uchungu kusema hivyo.

Miaka ya mwisho ya Bibi, mama yangu alileta dada wa kusaidia kazi za nyumba, mtu wa Tanga. Siku ya kwanza aliingia uani na begi lake, akamwona mzee ameketi, akasema shikamoo bibi. Mama anasimulia kwamba Bibi alimshika mikono yote miwili asiiachie. Tangu siku hiyo vyombo vya mchana vilioshwa magharibi. Mama alilalamika mwanzoni, kisha akaviosha mwenyewe. Nilipokwenda niliwakuta mkekani, Bibi macho yameshapungua, anapapasa kipande cha bafta kwa ncha za vidole na kusema hili tundu la panya, na dada anacheka anafumua. Alimjua Bibi kuliko sisi. Aliijua hata ile nyumba ya ngazi.

Bibi alifariki asubuhi moja ya baridi. Nyumba ikajaa, wana, wajukuu, vitukuu, tukamlilia sana, na tulimlilia kwa Kiarabu. Simlaumu mtu, kilio hakichagui. Kofia zipo, tena nzuri kuliko zamani, hakuna kichwa kilichokosa. Ila zile saa ndefu za kukitengeneza kitu kimoja hazipo, na tulidhani ni kofia tu zilizokuwa zikishonwa ndani yake.

Dada nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, ameshika sufuria tupu. Alikuwa halii. Nikakaa chini karibu naye.

"Sasa mimi nitazungumza na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia na mimi. Tukakaa pale mpaka wageni walipoanza kuondoka, nami maneno yakinipotea katikati ya sentensi, na yeye akinisubiri mpaka niyapate. Baada ya matanga alirudi kwao Tanga. Tangu hapo swali lake najiuliza mimi.