Wati Tatu za Bihogo

Moshi wa mavi makavu ya ng'ombe hauchomi pua kama wa kuni. Unaingia taratibu, mzito, una utamu kidogo, na unakaa kwenye nywele na mashuka mpaka Jumapili kanisani unamjua mfugaji kabla hujageuka kumtazama. Kwetu Isingiro moto huo haukuzimwa. Ulifukiwa majivu kwenye kona ya banda la ndama, ukafuka polepole usiku kucha, ukafukuza inzi na kuwapasha joto ndama waliolala kwenye nyasi. Marehemu baba aliuchochea mwenyewe kila jioni. Alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na kazi hiyo ikawa yangu.

Baba aliniachia ndama jike mmoja. Tulimwita Bihogo, jina ambalo wafugaji wa kwetu humpa ng'ombe mwekundu aliyekolea. Mama yake alikufa palepale zizini alipomzaa, kwa hiyo mimi ndiye niliyemnywesha maziwa kwa chupa, naye akanifuata hadi mlangoni kama mtoto. Kabla ya kukata roho, baba alitamka mbele ya ndugu kwamba Bihogo ndiye shule ya Koku: akikua akazaa, maziwa yake yatanisomesha. Baba mdogo alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Lakini wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Matanga yalipokwisha tu, alihamia kwetu na sola yake, betri yake ya volti kumi na mbili, na koti lake la kuendea Nkwenda kununua kahawa. Koti hilo ndilo lililotuponza. Alisema wafanyabiashara wenzake wanaziba pua akipita. "Mnanuka mavi, na mimi mnaninukisha!" Mama akainama, maana yeye ndiye aliyekuwa akitulisha.

Masika yalipopamba moto, baba mdogo alirudi kutoka Nkwenda na hita ya umeme, boksi la bati lenye nyaya zilizojiviringisha ndani. Akakata plagi, akafunga nyaya kwenye betri, akaiweka karibu na Bihogo. Kisha akachukua ndoo ya maji na kuumwagia moto wa baba. Sauti yake ninaisikia hadi leo: tsss, halafu kimya. Nyuma ya hita kulikuwa na kibandiko: volti 230, wati 1150. Wiki hiyohiyo mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha hesabu zake, na aliyekosea alichapwa, kwa hiyo nilizijua. Nikaokota kijiti, nikaandika kwenye udongo. Wati ukizigawa kwa volti, unapata mkondo wa ampia tano. Volti mia mbili thelathini ukizigawa kwa tano, unapata ukinzani wa omu arobaini na sita. Sasa ipe hita hiyohiyo volti kumi na mbili: mkondo unashuka mpaka robo ya ampia na ushee, na nguvu yake inakuwa wati tatu. Wati tatu! Hazipashi hata kikombe cha chai.

Nikampigia baba mdogo magoti kama mtoto wa kike anavyofundishwa. "Baba, samahani. Hii haitapasha. Betri ni ndogo kwake."

"Nani kasema?"

"Hesabu, Baba."

Kibao kilinifikia kabla sijafunga mdomo. "Umeme ni umeme! Taa zinawaka, hii kwa nini isiwake? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akafuta namba zangu kwa kiatu, akafunga banda kwa kufuli ili tusiuwashe moto tena, na ufunguo akautia mfukoni mwa koti. Usiku huo mvua ya upepo ilipiga bila huruma. Nilimsikia Bihogo akilia, nikamsihi mama akaombe ufunguo. Mama alilia tu, nami nilimchukia.

Asubuhi banda lilipofunguliwa, Bihogo alikuwa amejikunja kuizunguka hita, shingo ameilaza juu yake. Alikuwa ameitafuta mpaka mwisho. Niliigusa: baridi kama jiwe la mtoni. Baba mdogo naye aliigusa, akajifuta mkono. "Ndama mwenyewe alikuwa dhaifu," akasema. Akaniamuru nishike miguu wakati anamchuna. Nyama ilipoiva nikakataa kula, akanisogezea sahani hadi kidevuni. "Shule yako ndiyo hiyo. Itafune." Nikatafuna. Sikurudi darasani muhula uliofuata wala mwingine wowote.

Leo nguzo za umeme zimefika hadi Isingiro, na mimi ni fundi umeme hapa Nkwenda. Nilijifunza kwa kumbebea fundi ngazi. Moto wa mavi siku hizi ninaunusa nikipita tu kwa watu. Baba mdogo amezeeka, wanawe wamemkimbia, anakaa chumba cha nyuma kwangu. Kanisani wananisifu kwa moyo mzuri. Thubutu! Chumbani mwake nimemwekea hita ya wati 1150, na soketi ina volti zake zote, ila swichi niliifunga upande wangu wa ukuta. Kila jioni baridi ikishuka ananiita, "Koku mwanangu, washa." Nami namuuliza, "Volti kumi na mbili zingetosha, Baba?" Akijibu kwamba zisingetosha, nawasha. Jana mvua ilikuwa kubwa, na ubishi wake wa zamani ukamrudia, akakataa kujibu. Nilisimama kidogo na mkono kwenye swichi, nikimsikiliza anavyotetemeka, kisha nikauondoa, nikaenda zangu jikoni kumenya ndizi.