Kilomita Mia Nane za Zuber

Simu ilipigwa asubuhi dukani kwa Mansuri, pale Makandana, Tukuyu, na Tausi akaitwa mbio kutoka kwenye meza yake ya vitenge. Aliyepiga ni kaka yake Zuber, kutoka Dar es Salaam.

"Mama ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya alasiri."

Mama yao, Bi Rahima, alikuwa amepelekwa Dar kutibiwa, na kabla ya safari aliwaambia wote wawili kwamba akifa alazwe kijijini kwao Masoko, kando ya mumewe.

"Kaka, mama alisema Masoko."

"Masoko ni mbali mno. Zaidi ya kilomita mia nane, na joto la huku unalijua."

"Basi nisubirini nifike."

"Panda ndege Mbeya. Saa moja na nusu tu uko hapa. Si mbali."

Simu ikakatika.

Tangu biashara ziachiwe huru, Zuber alikuwa akiingiza redio na baiskeli kutoka nje, na mambo yake yalimnyookea. Kupanda basi alikwisha kusahau. Akija kusalimia, huja kwa ndege na kurudi kwa ndege. Kwa hiyo alijua fika kwamba ndege ya Mbeya haikuwa ya kila siku. Tausi yeye alikuja kuambiwa uwanjani, baada ya kusafiri mpaka Mbeya kwenye lori, amekaa juu ya mikungu ya ndizi: ndege ni keshokutwa.

Akalala stendi, alfajiri akapanda basi. Makambako, Iringa, Mikumi, kote huko hakula wala hakusema na mtu. Giza lilikuwa linaingia alipofika uani kwa Zuber, akakuta majamvi yametandikwa na waombolezaji wanakunywa kahawa.

"Pole, dada," Zuber akasema, akiinuka. "Tulikutazamia jana mpaka alasiri."

"Usiniguse! Mama alipotaka kurudi kwao, njia ilikuwa ndefu. Mimi nilipotaka kumuaga, njia hiyo hiyo ikawa fupi. Nani aliipunguza, kaka?"

Mama mdogo Sophia akamvuta mkono. "Mwanangu, taratibu. Kuna wageni."

"Nao wasikie! Alijua ndege haipo."

Zuber akatazama jamvi. "Nilichanganyikiwa, Tausi. Msiba ni mzito."

"Hukuchanganyikiwa. Ulitaka uishe haraka."

Kesho yake Sophia ndiye aliyempeleka kaburini.

Baada ya matanga, Zuber akamletea tiketi ya ndege ya kurudi. Tausi alitaka kuichana mbele yake, akajizuia, akaipokea bila kusema ahsante. Alitaka aone kwa macho yake hiyo saa moja na nusu.

Ndani ya ndege akapewa juisi na biskuti. Chini, barabara iliyomtesa kutwa nzima ilionekana kama uzi, kisha mawingu yakaifunika. Hajamaliza juisi, ndege ikaanza kushuka. Matairi yalipogusa ardhi ya Mbeya, abiria wakasimama kuchukua mizigo. Tausi akabaki kitini, ngumi amezikunja, machozi yakimtoka.

"Mama, unaumwa?" mhudumu akauliza.

"Siumwi. Kumbe ni karibu kweli," akasema. "Angeweza kumleta."

Mwezi uliofuata Zuber alikuja Tukuyu. Akabisha kwa Tausi, akaita jina lake, akabisha tena mpaka majirani wakachungulia. Tausi alikuwa ndani, amekaa kitandani, anamsikia. Hakufungua.