Tangi la Kina Mama wa Sagalla

Tryphena alizaliwa juu mlimani Sagalla, akaolewa chini, kule mashamba yanakoishia na pori la ndovu linakoanza. Maji ameyabeba mgongoni tangu utotoni. Kina mama wa kikundi chao walipoamua kujenga tangi la kuvuna mvua kutoka paa la kanisa, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watoke. Walipasua kokoto wenyewe, wakasomba mchanga kutoka mto mkavu. Jirani yake Elsie alipondwa kidole na jiwe, ukucha ukang'oka, na kesho yake akarudi kazini. Tangi lilipojaa kwa mara ya kwanza, wengine walikaa tu kando yake wakiligusa.

Kwa hiyo chama cha kina mama wa mashambani kilipoitisha mkutano wa kanda mjini Voi, Tryphena aliombwa asimame awaeleze wenzake jinsi walivyofanya. Siku nzima alijizoeza jikoni, akizihutubia sufuria.

Ukumbi ulijaa wanawake wa Mwatate, wa Maungu, hata wa Taveta. Alikaa karibu na Kathini, mama wa Maungu ambaye hawakuwa wamejuana naye, wakapatana papo hapo. Mgeni wa heshima alikuwa bado anahutubia simu ya Tryphena ilipotetemeka mkobani. Akainama kuipokea.

"Mama Titus, ndovu wako kanisani," Elsie alisema kwa sauti ya chini. "Wamenusa maji. Mmoja anausukuma ukuta wa tangi."

"Pigeni madebe."

"Tumepiga mpaka mikono inauma. Hawashtuki. Wana kiu."

"Na askari wa wanyama?"

"Wanasema gari liko mbali, litakuja."

Halafu ukasikika mshindo mzito, na kina mama wakapiga yowe kwa mbali. Simu ikakatika.

Tryphena alinyanyuka, akaketi. Hata angepata bodaboda mlangoni, angefika akafanye nini? Akaanza kumweleza Kathini, lakini kabla hajamaliza, Pauline, katibu wa kanda, akaliita jina lake kwenye kipaza sauti, na watu wakapiga makofi.

Alitembea hadi mbele. Maneno aliyojizoeza jikoni yalikuwa yamemtoka yote.

"Nilikuja kuwaambia habari za tangi letu," alisema. "Tangi limebomolewa sasa hivi. Ndovu wamelibomoa nikiwa nimekaa pale. Sijui niwaambie nini kingine."

Mgeni wa heshima alitikisa kichwa kwa huruma, akaangalia saa. Pauline akamshika bega. "Pole sana, mama. Tutalifuatilia," akasema, kisha akamwita msemaji wa Mwatate, naye akaja na habari za kuku. Kathini alimsogezea Tryphena sahani ya pilau wakati wa chakula. Tryphena akairudisha. Wanawake walimjia mmoja mmoja kumpa pole, na wengi wao wakaanza kumweleza habari za ndovu wao wenyewe.

Tryphena alifika kanisani jua likiwa bado kali. Ndovu walikuwa wameshaondoka. Ukuta mmoja wa tangi ulikuwa umelala chini, na ardhi nyekundu ilikuwa imeyanywa maji karibu yote. Kina mama walichuchumaa kwenye tope wakichota kwa vikombe na vifuniko vya sufuria, wakichuja kwa leso.

Elsie aliinua uso. "Huko Voi wamesemaje?"

"Wamesema pole."

"Ni hayo tu?"

"Na kwamba watafuatilia."

Elsie alisogea kidogo kumpa nafasi. Tryphena akakunja gauni lake jipya hadi magotini, akachuchumaa, akaanza kuchota. Maji yalikuwa yakididimia mbele ya macho yao. Kina mama walizidi kuharakisha mikono, na kila aliyeinua kikombe alipata tope zaidi kuliko maji, mpaka wa kwanza akasimama, akajifuta, na kwenda nyumbani kuutafuta mtungi wake wa zamani.