Sufuria ya Mtori kwenye Treni ya Manchester

Wiki iliyopita dada yangu mkubwa alijifungua, nami nikatumwa soko la Maji ya Chai kununua ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi anayopewa aliyejifungua. Ni kazi ndogo, lakini wewe unanijua. Nilisimama mbele ya mikungu nikiwaza: hizi zimekomaa kupita kiasi? Zile zimekatwa lini? Maziwa ya dada yakikosekana, si nitalaumiwa mimi? Mama muuzaji alinivumilia mpaka akachoka.

"Dada, hizo ndizi unazinunua au unazichumbia?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, nikachukua mkungu uliokuwa karibu. Utomvu ukaninasa vidoleni, na harufu yake ikanitoa pale barabarani, ikanirudisha kwenye treni.

Si hii treni yetu inayopita Usa River kwenda Moshi. Ni treni ya kaskazini mwa Uingereza, kati ya Leeds na Manchester. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Baba alikuwa amepata nafasi ya kusoma Leeds, akatuchukua mama na mimi, dada akabaki nyumbani kwa bibi.

Manchester alikuwepo mwanamke niliyemwita mama mdogo. Hakuwa ndugu wa damu. Kwao ni Nkoaranga, kijiji cha mlimani kwetu, na mkiwa mbali namna ile, kutoka mlima mmoja ni undugu tosha. Mumewe alifanya kazi ya usiku kwenye ghala. Baridi ilipokuwa kali kabisa, akajifungua mtoto wake wa kwanza.

Kwetu unajua ilivyo. Mzazi hapiki, hafui, hafagii. Miezi mitatu anakaa ndani, analetewa mtori na nyama na maziwa mpaka mashavu yajae, na wanawake wa ukoo wanapokezana kumhudumia. Mama mdogo hakuwa na wa kupokezana. Halafu akaacha kula. Mumewe alimpigia mama simu: "Dada, hali chochote. Mtoto akilia, yeye anatazama ukuta."

Mama alikata simu, akaenda dirishani. Kisha akamwambia baba, "Huyu tutampoteza. Na mtoto naye."

Basi kila Jumamosi niliamshwa na sauti ya kipekecho kikisaga ndizi sufuriani. Jiko lote lilinukia supu ya mifupa na siagi. Ndizi zilitoka soko kuu la Leeds, na mama hakuziamini hata kidogo. "Ndizi hizi hazijawahi kuonja samadi," alikuwa akinung'unika, lakini alizimenya kwa heshima zote. Mtori ukiiva, aliifunika sufuria vizuri, akaizungushia mataulo, akaifunga kitenge na kuibeba mgongoni, maana mkono mmoja ulishika mfuko wa nyama na mwingine ulinishika mimi.

Mimi nilikuwa mkalimani. Mama alikuwa na "senkyu" na "sori", maneno mengine yote yalikuwa yangu. Njiani nilikuwa nayarudia kichwani: tiketi mbili tafadhali, mtu mzima na mtoto, kwenda na kurudi. Na mkata tiketi akiuliza jambo jingine je?

Siku ya kwanza, tulipoingia tu kwenye behewa, watu wawili waliinuka wakampisha mama. Tukakaa, nami nikashangaa wema wa Wazungu. Mbele yetu alikuwepo bibi mmoja wa kofia ya kijani, akainama kutazama mgongo wa mama na kuniuliza kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza ana miezi mingapi," nikamwambia mama.

"Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

Nikamwonyesha kitenge kwa macho. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Tumepewa viti kwa kosa, niliwaza, sasa watatushusha. Mama akatazama bega lake, akaelewa, akasema bila kucheka, "Mwambie amezaliwa leo asubuhi."

Nikatafsiri. Yule bibi akaweka mkono kifuani kwa mshtuko. Ndipo mama akaifungua ncha ya kitenge, mvuke ukatoka na harufu yake, na bibi wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Tangu siku ile, kila tulipokutana naye alikuwa akiuliza kama mtoto wetu ameiva.

Nilizipenda zile safari, ingawa niliziogopa. Treni ilipanda vilima vya majani vilivyokatwakatwa kwa kuta za mawe, kondoo wametapakaa kote. "Kondoo wote hawa na hakuna mchungaji," mama alikuwa akisikitika. Kisha tuliingia kwenye handaki refu, masikio yakaziba, na mama akanikamata goti mpaka mwanga urudi.

Lakini mama mdogo hakuwa anakula. Alikuwa akichukua vijiko viwili vya adabu, akisema, "Asante dada, nimeshiba," na kugeukia ukuta. Mama alimwogesha mtoto, akafua nepi, akamwimbia nyimbo za kanisani kwetu. Jioni tulirudi na sufuria karibu nzito kama ilivyokuja.

Ikaja Jumamosi ya theluji. Treni ilisimama kwenye stesheni ndogo katikati ya vilima na haikuendelea tena. Tuliteremshwa wote. Mfanyakazi wa koti la rangi ya chungwa akatueleza kwamba treni ya kurudi Leeds inakuja, ila ya kwenda mbele hajui itafika lini, au kama itafika. Simu ya mama ilikuwa imeishiwa chaji.

"Muulize, kwa miguu ni mbali?" mama akasema.

"Mama!"

"Muulize."

Nikauliza. Yule bwana akatazama viatu vya mama, halafu akatazama milima, akatikisa kichwa.

"Haya. Mwambie tunasubiri."

Treni ya Leeds ikaja, ikafungua milango, joto lake likatupiga usoni, ikaondoka bila sisi. Nililia kidogo. Nikaomba mtori, kijiko kimoja tu.

"Chakula cha mzazi hakifunguliwi njiani, mwanangu."

Bibi wa kofia ya kijani, ambaye naye alibaki, akanikatia nusu ya mkate wake wa jibini. Mama alipopewa nusu nyingine akasema senkyu na kumrudishia. Bibi akavua skafu yake, akaizungusha kwenye sufuria. Tukakaa hivyo, watatu kwenye benchi. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Nilidhani ni baridi.

Mwishowe treni ya kwenda mbele ikaja, tukafika Manchester giza likianza kuingia. Na pale stesheni, katikati ya watu wanaokimbia, alisimama mama mdogo. Amevaa koti la mumewe na ndala juu ya soksi, mtoto kifuani. Sikuwa nimewahi kumwona nje ya chumba chake. Hata salamu hakutupa.

"Dada, mlikuwa wapi? Tangu asubuhi nimesimama dirishani! Napiga simu, haipatikani. Nikajua treni imeanguka. Na nina njaa!"

"Umesemaje?"

"Nina njaa, dada!" Alipiga kelele mpaka watu wakageuka.

Mama akajiziba mdomo kwa kiganja, akatazama pembeni.

Nyumbani mama mdogo hakungoja bakuli. Alikula kutoka kwenye sufuria, akakwangua mpaka chini. Kisha akainua uso.

"Na ninyi mmekula nini?"

"Mimi nimepewa mkate," nikasema. "Mama hajala tangu jana usiku."

Mama akanikata jicho. Lakini mama mdogo alishasimama. Alimwekea mama mtoto mapajani, akaingia jikoni, nikasikia jiko likiwashwa. Nikamtazama mama, maana miezi mitatu haikuwa imefika hata nusu, na mama yangu ni mtu ambaye angegombana na askofu kama angemwacha mzazi asogelee moto. Alimfunika mtoto vizuri, hakuinuka. Vitunguu vikaanza kuchachatika kwenye mafuta, harufu ya chai ya tangawizi ikafuata.

Mama hayupo tena. Amelala Usa River, nyuma ya nyumba ya bibi. Yule mtoto sasa ni kijana wa sauti nzito anayenipita urefu, na lile jengo walimokuwa wakiishi, nasikia, limebomolewa. Treni bila shaka bado inapanda vilima vile, lakini wale tuliokuwa ndani yake tumetawanyika, na bibi wa kofia ya kijani hata jina lake sikuwahi kuliuliza. Mimi nimemaliza chuo, nasubiri ajira, naogopa karibu kila kitu. Nimekuja kuelewa kwamba mama naye alikuwa anaogopa siku ile, tena sana, na bado aliiacha treni ya Leeds iondoke.

Nashukuru kwamba nilikuwepo. Nashukuru zaidi kwamba jioni ile nilimwona, kwa mara moja tu, mama yangu, aliyekuwa akimbebea kila mtu chakula, ameketi, amepakata mtoto wa mwenzake, akingoja aletewe sahani.