Kidonda cha Mshubiri

Kiwanja changu cha kwanza, upande mkavu wa kata yetu ya Daa, nilikinunua kwa maharage niliyolima mwenyewe, na shule yangu iliishia darasa la pili. Kilikuwa mawe matupu. Siku ileile nikapanda mshubiri mdogo kama kidole. Sisemi ule mfupi wa kutia kwenye maji ya kuku kama dawa. Huu ni mti: ulinipita mimi, ukapita mlango wangu, shina nene kama nguzo ya zizi. Mgeni akija namwonyesha mshubiri kwanza, kiti baadaye.

Mwaka jana jua lilipozidi nikauonea huruma. Kila jioni nikaumwagia ndoo ya maji ya vyombo. Mke wa mwanangu akasema, "Mama, huo hautaki maji." Nikamwambia aangalie ugali wake. Baada ya wiki chache shina likawa laini chini kama parachichi bovu, na asubuhi moja nikaukuta umelala.

Sikulia. Lakini chai sikunywa.

Akapita mzee wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, mteja wangu wa mahindi. Huniita yeyo, mama kwa lugha yao. Akabonyeza shina.

"Yeyo, umeuzamisha."

"Wewe jua ng'ombe. Shamba niachie mimi."

"Sawa. Ng'ombe mwenye kidonda unamlaza kwenye tope?"

Nikasogea kando, nikampisha.

Akachomoa sime, akakata uozo wote mpaka akafika penye uzima, kisha yeye na mwanangu wakauegemeza mti ghalani. Kidonda kikauke kwanza, akasema, mwezi mzima, na maji usiguse. Mimi mkulima, niliyezoea mche kuingia ardhini kabla jua halijauona! Mara mbili nilibeba kikombe cha maji hadi mlango wa ghala, nikarudi nacho.

Kidonda kikawa kigumu kama kwato. Tukaupanda kwenye changarawe, tukaubana kwa mawe. Miezi ikapita kimya, nikaanza kuzoea kuukosa.

Siku mzee alipofuata mahindi tena, alilishika shina kwa mikono miwili, akalivuta. Halikutikisika. Juu, katikati ya kichwa cha mti, jani bichi jipya.

Uani palikuwa na majirani. Nikamwambia asante, kwa sauti.

"Sema tena, yeyo. Sikio hili bovu."

Mke wa mwanangu akacheka mpaka akaweka ungo chini. Nikasema tena, kisha nikamgeukia na yeye, nikamwambia asante yake.